Wasii Hachaguliwi kwa Damu

Mtu akifa huacha vitu vitatu duniani: mwili, jina na mali. Mwili una wenyewe wa kuuzika, na katika Pemba maiti hakosi mwosha wala jeneza, hata akiwa mgeni aliyeshuka jana bandarini Mkoani. Jina lina wasemaji wake, wema na waovu. Mali peke yake ndiyo huachwa njiani kama mtoto aliyepotea sokoni: kila apitaye humshika mkono, na kila amshikaye husema ni wake. Makala haya nimeyaandika kuwapinga watu wa aina moja, nao ni wengi kisiwani petu: wenye mali, iwe kubwa au ndogo, ambao watoto na ndugu zao wako mbali, nao hukataa kumtaja wasii kwa hoja kwamba siku ikifika ndugu watakuja. Nasema kwamba hoja hiyo haina nguvu katika dini, haina nguvu katika sheria ya nchi, wala haina nguvu katika hesabu ya mikarafuu. Nasema zaidi ya hayo, kwamba kwa mtu asiye na jamaa karibu, wasii wa haki ni yule aliye karibu, ajuaye na aaminikaye, hata kama hana naye tone moja la damu.

Tuanze kwa kueleza neno lenyewe, maana ugomvi mwingi hutokana na maneno yasiyoelezwa. Wasii si mrithi. Mrithi hupewa, wasii hutoa. Mrithi ana fungu lake lililokadiriwa katika Sura ya An-Nisaa, na hapana binadamu awezaye kumzidishia au kumpunguzia kwa kalamu yake. Wasii hana fungu lolote kwa sababu ya uwasii. Kazi yake ni kuikusanya mali ya marehemu, kulipa gharama za maziko na madeni, kutimiza wasia usiozidi thuluthi, kuwalinda watoto wadogo na kilicho chao, kisha kuwakabidhi warithi haki zao na kwenda zake. Yeye ni mlango. Mali hupita kwake, haikai kwake. Watu wengi hudhani kwamba kumtaja mtu baki kuwa wasii ni kumrithisha mtu baki. Dhana hiyo ndiyo mama wa hofu zote nitakazozijibu, na mtu akiisha kuitupa, nusu ya maneno ya wapinzani wangu hutupwa pamoja nayo.

Sasa tutazame hali yetu ilivyo. Pemba si kisiwa cha watu waliokaa mahali pamoja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, na tangu siku hizo karafuu nyingi za visiwa hivi hutoka kwetu. Kwa ajili hiyo watu wa mataifa mengi walikuja, wakapanda, wakaoa na wakazaa. Kisha ukaja wakati wa kuondoka. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya wengi. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala wa Oman, wengi wenye asili ya huko walipokewa Muscat. Machafuko ya Januari 2001 yaliwavusha watu wapatao elfu mbili hadi Shimoni, katika pwani ya Kenya. Wako Wapemba wa Kwale na Kilifi waliokaa huko vizazi kadhaa bila ya vitambulisho, mpaka Serikali ya Kenya ilipowatambua mwaka 2023. Wako wavuvi wa Kojani waendao dago miezi kwa miezi. Wako wafanyabiashara waliojaa Kariakoo, na vijana walioko Dubai na London. Hivyo yamkini leo kumwona mzee mmoja Wete au Konde, mwanawe wa kwanza yuko Muscat, wa pili Dar es Salaam, wa tatu Uingereza, na yeye anakaa na mtoto wa jirani amletaye maji. Wanawe humpenda, humpigia simu kila Ijumaa, humletea fedha na dawa. Mapenzi hayakupungua kwa umbali, lakini miguu imepungua, na kazi ya wasii ni kazi ya miguu.

Ni kazi ya miguu kwa sababu mali ya Pemba ni mali ya pekee. John Middleton, aliyechunguza umilikaji wa ardhi katika Unguja na Pemba, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1961, alieleza jambo ambalo kila mkulima wetu alijua tangu utotoni: mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, wala si lazima wawe mtu mmoja. Mtu aweza kuwa na mikarafuu kumi na miwili katika shamba la mwingine, minazi mitano nyuma ya msikiti, na nyumba juu ya ardhi ya kiambo isiyouzwa. Aweza kuwa na eka tatu alizogaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, nazo zina masharti yake mbali na mali nyingine. Mpaka wake ni mti wa mfenesi uliokwisha kuanguka, au jiwe lililohamishwa na mvua. Aliyewahi kuutazama mpaka huo pamoja na marehemu anaujua. Ambaye hakuutazama ataonyeshwa mwingine, na mwonyeshaji atakuwa yule mwenye faida.

Zaidi ya hayo, mkarafuu haumngoji hakimu. Karafuu huchumwa zingali vikonyo vilivyofumba. Zikichanua, thamani yake imekwisha. Fikiri basi mtu afe mwanzo wa msimu, mikarafuu imejaa, wachumaji wanataka kujua nani atakayewalipa, na warithi wanabishana kwa simu baina ya Muscat na Dar es Salaam nani mwenye haki ya kutoa amri. Siku saba zapita, kumi zapita. Mtu mmoja mwenye haraka aingia shambani usiku na gunia. Mwingine asema marehemu alikuwa amekwisha kumwuzia karafuu zingali mtini, na fedha alizipokea mwezi uliopita. Hapana aliyekuwapo wa kusema ndiyo wala siyo. Mwishowe warithi hukubaliana, lakini wamekubaliana juu ya miti mitupu. Hasara hiyo haikuletwa na wezi peke yao. Ililetwa na marehemu aliyenyamaza. Kimya cha mwenye mali ni ruhusa ya mlafi.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari bila mtu wa kulisoma nalo hupotea. Tuwasikilize sasa wanaopinga, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni yule asemaye, "Mungu keshagawa mirathi, mimi wasii wa nini?" Neno hili lina sura ya ucha Mungu, na ndiyo sababu huwanyamazisha wengi. Lakini mwenye kulisema na aisome tena Sura ya An-Nisaa. Mgao wa mafungu umetajwa humo kuwa ni baada ya wasia na deni, na jambo hilo limekaririwa zaidi ya mara moja. Mungu amegawa mafungu. Hakumteremsha malaika kuhesabu mikarafuu, wala kumwendea mwenye duka la Chake Chake kumwuliza marehemu alibakisha kiasi gani. Kazi hiyo imeachiwa wanadamu, na wanadamu wameamrishwa waiandalie mtu. Katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Umar, Mtume, rehema na amani zimshukie, ameonya kwamba haimfalii Mwislamu mwenye jambo la kuusia kulala siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Anayejifunika kwa aya ya mirathi ili asiandike wasia ameshika nusu ya neno na kuacha nusu.

Wa pili ni yule asemaye, "Nikimtaja mtu baki, ndugu zangu wataniona nimewadharau." Huyu nina huruma naye, maana aibu ni kitu kizito Pemba, na mtu hukubali kupata hasara kuliko kusemwa barazani. Lakini natazama mwenendo wa watu bora waliotutangulia. Zubayr ibn al-Awwam alifanywa wasii na masahaba kadhaa waliokufa kabla yake, na miongoni mwao walikuwamo wasio wa ukoo wake. Je, watu wale hawakuwa na ndugu? Au ndugu zao walitukanwa? Walimtazama mtu wanayemjua kuwa atasimama, wakamkabidhi. Na Zubayr mwenyewe alipouawa mwaka 656, alimwachia mwanawe Abdullah kazi ya kulipa madeni yaliyofika milioni mbili na laki mbili. Abdullah alikataa kuwagawia ndugu zake mpaka ametangaza katika misimu minne ya hija kwamba mwenye kudai na aje. Miaka minne! Huyo alikuwa mtoto na tena alikuwa mahali pake. Atakaye kumchagua mwanawe kwa mfano wa Abdullah, na atazame kwanza kama mwanawe aweza kukaa misimu minne, au kama likizo yake ni ya siku kumi na nne.

Tena na tuseme kweli juu ya hiyo aibu. Ndugu anayetukanika kwa sababu hakufanywa wasii, alitaka nini katika uwasii? Kama alitaka kazi, kazi ya kumsaidia wasii ipo na haijakatazwa. Kama alitaka fungu, fungu lake kama mrithi liko pale pale. Kama hakutaka kazi wala hana fungu, basi kilichomuuma ni kile asichotaka kukitaja, na kuumwa kwake ni ushahidi kwamba mwenye mali alichagua vizuri.

Wa tatu husema, "Kadhi yupo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, wao ndio wenye kazi hiyo." Sikatai. Zanzibar imekuwa na chombo cha kusimamia wakfu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na sheria ya mwaka 2007 iliipa Kamisheni kazi ya kusimamia mirathi za Waislamu. Mahakama za kadhi nazo zina mamlaka juu ya mirathi na wasia, na sheria yake iliandikwa upya mwaka 2017. Ni neema kwamba vyombo hivyo vipo, na mtu asiye na yeyote duniani na avikimbilie bila ya haya. Lakini chombo huamua kwa yale yaliyoletwa mbele yake. Kadhi hakupanda miti yako. Hakuwapo ulipomkopesha mwenzio chombo cha kuvulia. Atasikiliza wanaokuja, na wa kwanza kuja mara nyingi ni mwenye tamaa kubwa, maana tamaa huamka mapema kuliko uaminifu. Ukimwachia kadhi wasii uliyemtaja mwenyewe, mbele ya mashahidi, umempa kadhi taa. Usipomtaja, umemwachia giza na kumwambia ahukumu.

Wa nne hana hoja, ana hofu. Yeye husema kwamba kutaja kifo ni kukiita. Namjibu kwa jambo ambalo hakuna Mpemba aliyelisahau. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama karibu na Nungwi, na mamia ya watu wakafa. Walikuwamo baba na watoto wao, wachuuzi na shehena zao, wanafunzi waliokuwa wakirudi nyumbani. Wangapi kati yao walikuwa wamekiita kifo kwa kuandika wasia? Kifo kilikuja bila ya kuitwa. Na msiba wa namna ile huleta maswali magumu: kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi kisiwani, wanaorithiana wakifa pamoja na asijulikane aliyetangulia, hawarithiani wao kwa wao, bali mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Nani atakayelijua hilo na kulisimamia usiku ule wa kilio, ikiwa hapana mtu aliyekabidhiwa? Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na mficha mali, kifo huwaumbua wanawe.

Nimewajibu wanaokataa kumtaja wasii. Sasa nawageukia wanaokubali, lakini huchagua vibaya, maana uchaguzi mbaya una hasara kama kutochagua. Makosa yao ni matatu.

Kosa la kwanza ni kumchagua mtoto aliye mbali kwa sababu ndiye mwenye fedha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Zaidi ya umbali, kuna mambo ya sheria. Sheria ya Ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 imeifanya ardhi yote kuwa ya umma, na haki ya kuitumia imewekwa kwa ajili ya Wazanzibari. Nayo Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto aliyechukua uraia wa Oman au wa Uingereza anaweza kukuta kwamba haki yake juu ya ardhi inahitaji maelezo mengi katika ofisi nyingi. Jambo hilo na liulizwe kwa mwanasheria mwenye mali angali hai, wala wasiachiwe warithi waligundue wakiwa wamevaa nguo za msiba.

Kosa la pili ni kumchagua mtu mkubwa: sheikh mwenye wanafunzi mia, au kiongozi mwenye walinzi mlangoni. Wengi hudhani ukubwa wa mtu utaiogofya mikono ya wezi. Lakini mkubwa ana mambo mengi, na mali ya maskini itangoja mwisho wa foleni. Na uchaji peke yake hautoshi. Abu Dharr alikuwa miongoni mwa watu wakweli kabisa wa zama zake, walakini Mtume alimwonya asitawale hata watu wawili wala asisimamie mali ya yatima, kwa kuwa alikuwa dhaifu katika mambo hayo. Haikuwa aibu kwake. Ilikuwa ni kumwekea kila mtu mzigo aubebao. Ikiwa Abu Dharr aliepushwa na mali ya yatima, sisi tunamtwika nani kwa sababu ya kilemba chake tu?

Kosa la tatu ni kumchagua mzee wa ukoo kwa sababu ya umri. Heshima ya mzee ni kumwamkia, kumpisha njia na kumpa kiti. Kumfanya wasii mtu aliyekuzidi miaka ishirini ni kuutilia wasia wako shaka kabla ya wino kukauka, kwa kuwa kwa desturi ya dunia yeye atatangulia.

Basi achaguliwe nani? Wanavyuoni wa Shafi wameeleza sifa zake: awe Mwislamu, mtu mzima, mwenye akili timamu, mwadilifu, na mwenye uwezo wa kuendesha mambo. Katika orodha hiyo hakuna sharti la udugu. Wameeleza pia kwamba babu mzaa baba, akiwa hai na anafaa, ndiye mwenye haki ya kuwasimamia watoto wadogo, na baba hawezi kumpita akamweka mwingine juu yao. Lakini juu ya madeni na wasia baba ana hiari ya kumtaja amtakaye. Wenye babu walio hai na walijue hilo, wasije wakaandika lisilosimama.

Juu ya sifa hizo naongeza njia ya kumpima mtu, maana kila mtu ni mwadilifu mpaka apewe ufunguo. Mtazame anavyorudisha kitu cha kuazima. Mtazame alivyoshika fedha za msikiti au za chama cha kijiji, na kama alisoma hesabu mbele ya watu bila ya kuulizwa mara mbili. Msikilize anavyosema juu ya mali ya waliokufa: akiitaja kwa kuhesabu, mwogope, akiitaja kwa kuonea huruma walioiacha, mwite. Mtazame kama ana subira ya kwenda kwa sheha leo, kesho na kesho kutwa kwa jambo lisilo lake. Jirani mwenye sifa hizo ni bora kuliko binamu kumi wasiojua mlango wa shamba lako uko wapi.

Wala usiwasahau wanawake. Hakuna sharti la uanamume katika uwasii, na wanavyuoni wetu wamesema kwamba mama wa watoto, akizitimiza sifa, ni bora kuliko mwingine. Nayo imepokewa kwamba Umar ibn al-Khattab alimkabidhi binti yake Hafsa usimamizi wa wakfu wake. Katika vijiji ambavyo wanaume huenda dago au mjini, mwanamke ndiye aliyebaki. Yeye ndiye aliyelipa wachumaji, aliyeanika karafuu juani, aliyezipeleka kwa Shirika la Biashara la Taifa na kuhifadhi stakabadhi ndani ya kasha. Tunamwacha huyo, aliyeijua mali kwa mikono yake, tunampelekea wasii mwanamume kutoka mbali ili aje amwulize yeye kila jambo! Huko ni kuitesa akili.

Na ikiwa moyo haumtulii mtu mmoja, na wachaguliwe wawili, mmoja wa damu na mmoja wa jirani, ili ndugu aone na jirani atende. Lakini iandikwe wazi kama lazima wakubaliane katika kila jambo au kila mmoja aweza kutenda peke yake. Pasipoandikwa hivyo, asili ni wote wawili kuwa pamoja, na kuwakutanisha wawili ambao mmoja yuko Dubai ni kuirudisha kazi mwanzo. Mwenye mali mahali pawili, mathalani duka Kariakoo na shamba Mtambile, na amtaje wasii wa kila mahali, maana mshirika wa duka anajua madeni ya duka, na jirani wa Mtambile anajua miti.

Baada ya kumchagua, mwulize. Wako watu huandika jina la mwenzao kwa siri, naye hulisikia mara ya kwanza siku ya hitima. Uwasii ni mzigo, na mwanadamu ana haki ya kuukataa. Akikubali, tembea naye. Mwonyeshe mipaka, mti kwa mti. Mwonyeshe hati, kitabu cha Benki ya Watu wa Zanzibar, na fedha zilizomo katika simu, ambazo siku hizi ni hazina isiyoonekana na macho. Mwambie unadai nani na nani anakudai, na kila deni liwe na tarehe. Andika yote, washuhudie watu wawili waadilifu, nakala moja iwe kwake na nyingine kwa mtu mwingine. Karatasi isiyo na mashahidi ni mwanzo wa ugomvi mpya. Na ikiwa ni maskini, mwandikie ujira ndani ya thuluthi uwezayo kuiusia; Qurani yenyewe imemruhusu msimamizi maskini ale kwa wema katika mali ya yatima, na tajiri ajizuie. Kumfanyisha mtu kazi ya miaka bila ya malipo, kisha kushangaa mkono wake ukiteleza, ni kumjaribu bure.

Kisha, na hili ni la mwisho katika matendo, waambie wanao. Piga simu Muscat, piga Dar es Salaam, piga London, useme, "Wanangu, nimemkabidhi fulani; haki zenu ziko kwa Mungu na mikono iko kwake." Mtoto asikiaye neno hilo kwa mdomo wa mzazi atalipokea, hata likimkwaza kidogo. Mtoto alisikiaye kwa jirani, mzazi akiwa kaburini, atadhani ameibiwa, na pengine atamtia mtu mwema katika kesi ya miaka kumi.

Nina neno pia kwa wale watakaoombwa kuwa mawasii. Msikimbie wote. Mnaposema, "Mimi sitaki kuingia katika mambo ya watu," mnayaacha mambo ya watu kwa wale wanaotaka sana kuingia. Anayejijua dhaifu na akatae kama Abu Dharr alivyoonywa, na kukataa kwake ni uaminifu. Lakini anayejijua ana uwezo, naye akakataa kwa ajili ya raha yake tu, na afikiri ni nani atakayewatazama wanawe yeye, siku watakapokuwa hawana wa kuwatazama. Kwa kuwa watoto wanaendelea kuondoka kisiwani na wazee wanaendelea kubaki, kila mmoja wetu atamhitaji jirani kwa jambo hili.

Sina shaka kwamba damu ni kitu kitukufu. Ndiyo iliyofanya Mungu aweke mafungu ya mirathi kwa watu wa damu. Hiyo ndiyo haki ya damu, nayo imelindwa kwa amri ambayo hapana awezaye kuitengua. Lakini haki ya yatima kula, ya mjane kukaa nyumbani mwake, ya mdai kulipwa na ya marehemu kulala bila ya deni shingoni, zinahitaji mtu wa kuzisimamia leo asubuhi, si mwakani meli ikifika. Mtu huyo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Unajua jina lake. Mwite kabla jua halijachwa, mwandike, na umshuhudishie watu.